Mfumo wa Timu na Eneo Linaloachwa Wazi

Uwanja wa soka wa kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140, na timu inayoingia humo ina wachezaji 10 tu ukimtoa golikipa. Lau eneo hilo lingegawanywa sawasawa, kila mmoja angepaswa kulinda mita za mraba 714 peke yake, kazi ambayo hakuna binadamu anayeiweza kwa dakika 90, hata awe na kasi na pumzi kiasi gani. Kwa sababu hiyo mfumo wa uchezaji, ambao mashabiki huujua zaidi kwa tarakimu zake kama vile 4-4-2 au 4-3-3, kwa asili yake ni uamuzi kuhusu upungufu: kocha huamua ni sehemu zipi za uwanja zijazwe watu na ni zipi ziachwe wazi kwa makusudi, akitumaini kwamba mpinzani hataziona, au akiziona hatazifikia kwa wakati. Hakuna mfumo usio na mahali palipo wazi. Historia yote ya ufundi wa soka, tangu karne ya 19 hadi Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, yaweza kusomwa kama mabishano marefu ya makocha kuhusu mahali hapo pawe wapi.

Tarakimu za mfumo husomwa kutoka nyuma kwenda mbele, na golikipa hahesabiwi. Timu inayocheza 4-4-2 ina mabeki wanne, wawili wa kati na wawili wa pembeni. Mbele yao wapo viungo wanne waliojipanga kwa upana wa uwanja. Na mbele kabisa wapo washambuliaji wawili. Inayocheza 4-3-3 ina viungo watatu waliokaribiana katikati, mawinga wawili na mshambuliaji mmoja wa kati, ilhali 4-2-3-1 huigawa sehemu ya kiungo mara mbili, wawili wakibaki nyuma kukaba na watatu wakisogea mbele kumlisha mshambuliaji mmoja. Kwenye karatasi tofauti hizi huonekana ndogo, lakini uwanjani zina matokeo ya kihesabu. Timu ya 4-3-3 inapokutana na timu ya 4-4-2, viungo watatu huwakuta viungo wawili wa kati, hivyo kila mara yupo mmoja asiyekabwa anayeweza kupokea pasi, kugeuka na kuinua macho kutafuta mwenzake. Ili kumzuia, ama mshambuliaji mmoja wa 4-4-2 arudi nyuma, ama winga aingie ndani, na yeyote atakayeondoka huacha pengo kule alikotoka. Timu ya 4-4-2 nayo ina faida yake, kwa kuwa washambuliaji wake wawili huwakabili mabeki wa kati wawili bila beki wa tatu wa kuwasaidia, na pasi moja ndefu iliyopimwa vizuri yaweza kufuta faida yote ambayo mpinzani ameipata katikati.

Ikumbukwe pia kwamba tarakimu hueleza mpangilio wa hali moja tu ya mchezo. Timu hiyohiyo iliyotangazwa kuwa inacheza 4-3-3 inapopoteza mpira huwarudisha mawinga wake ikawa 4-5-1, na inapoumiliki huwapandisha mabeki wake wa pembeni hadi karibu na mstari wa mbele, ikabaki na mabeki wawili tu nyuma. Mtazamaji anayetaka kuujua mfumo halisi wa timu asiitazame wakati inashambulia, maana hapo kila mtu yuko mbioni. Aitazame wakati golikipa wa timu pinzani ameushika mpira na hana haraka. Katika sekunde hizo chache wachezaji hurudi kila mmoja kwenye nafasi aliyopangiwa, mistari huonekana waziwazi, na umbali kati ya mabeki na washambuliaji wao hueleza kama timu imekusudia kumsubiri mpinzani au kumfuata kwake.

Umbali huo hutawaliwa na sheria moja kuliko nyingine zote, nayo ni sheria ya kuotea. Mchezaji huhesabiwa yuko katika nafasi ya kuotea iwapo, wakati mwenzake anapoupiga mpira, yeye yuko katika nusu ya uwanja ya wapinzani, mbele ya mpira, na karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, ambaye kwa kawaida ni beki wa nyuma kabisa kwa kuwa golikipa huwa nyuma yake. Sheria hii huwapa mabeki uwezo wa ajabu: wakisogea mbele kwa pamoja, huufupisha uwanja, kwa sababu washambuliaji hulazimika kusogea nao. Hapo mita za mraba 714 za kila mchezaji hupungua sana, na wachezaji 10 waliotawanyika huwa kundi lililobana. Gharama yake ni eneo kubwa lililo wazi nyuma ya mabeki hao, na beki mmoja akichelewa hatua moja tu kupanda na wenzake, mtego wote huharibika.

Mifumo ya mwanzo iliumbwa na sheria hii ilipokuwa kali kuliko ilivyo leo. Katika mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa, iliyochezwa Glasgow tarehe 30 Novemba 1872 kati ya Scotland na England na kumalizika bila bao, England ilipanga washambuliaji saba au wanane waliotegemea kupiga chenga, na Scotland ikapanga sita waliokuwa wakipasiana. Baadaye karne hiyo mfumo wa 2-3-5 ukaenea, ukiwa na mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, nao ukadumu kwa miongo kadhaa. Alama yake ingali hai katika viwanja vya Afrika Mashariki hadi sasa. Arsenal na Chelsea zilipovaa jezi zenye namba katika mechi za ligi mwaka 1928, namba zilifuata mpangilio wa enzi hizo: mabeki namba mbili na tatu, viungo namba nne, tano na sita, washambuliaji namba saba hadi kumi na moja. Kijana wa Temeke au wa Kisumu anayesema kwamba yeye hucheza namba mbili ana maana ya beki wa kulia, na anayejitaja kuwa namba saba ana maana ya winga wa kulia, ingawa huenda hajawahi kuusikia mfumo uliozizaa namba hizo.

Mwaka 1925 sheria ya kuotea ililegezwa, na wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli wakapunguzwa kutoka watatu hadi wawili. Matokeo yalikuwa mafuriko ya mabao: katika Daraja la Kwanza la England mabao yaliongezeka kutoka 1,192 msimu wa 1924-25 hadi 1,703 msimu uliofuata. Arsenal, iliyokuwa imemwajiri kocha Herbert Chapman mwaka huohuo, ilifungwa 7-0 na Newcastle United mwezi Oktoba, na baada ya kipigo hicho Chapman, kwa ushauri wa mchezaji wake Charlie Buchan, alimrudisha kiungo wa kati nyuma akae baina ya mabeki wawili, na washambuliaji wawili wa ndani wakarudi kujaza pengo aliloliacha. Mfumo uliotokea, 3-2-2-3, uliitwa WM kwa sababu nafasi za wachezaji zilipochorwa zilifanana na herufi hizo mbili. Arsenal ilitwaa ubingwa wa England mwaka 1931 na 1933, na Waingereza wakaukumbatia mfumo huo hata wakasahau kwamba ulibuniwa kwa ajili ya tatizo la wakati maalumu.

Deni la usahaulifu huo lililipwa Wembley tarehe 25 Novemba 1953, katika mechi ambayo kila kocha anayeanza kazi angepaswa kuisoma kwa makini. England haikuwahi kufungwa katika uwanja huo na timu yoyote iliyotoka nje ya visiwa vyake, na mabeki wake walizoea kukaba mtu kwa mtu kwa kufuata namba ya jezi: beki wa kati, Harry Johnston, alijua kwamba kazi yake ni kumkaba namba tisa. Namba tisa wa Hungaria alikuwa Nándor Hidegkuti, ambaye kocha Gusztáv Sebes hakumweka mbele, bali alimtaka arudi nyuma hadi eneo la viungo, huku Ferenc Puskás na Sándor Kocsis, waliovaa namba kumi na namba nane, wakisogea mbele yake. Johnston alibaki na machaguo mawili na yote yalikuwa mabaya. Akimfuata Hidegkuti, aliacha katikati ya ulinzi pengo ambalo Puskás na Kocsis waliliingia. Akibaki nyuma, alimwacha Hidegkuti apokee mpira na kugeuka bila kuguswa. Hidegkuti alifunga kabla dakika ya kwanza haijakwisha, akaongeza mengine mawili, na Hungaria ikashinda 6-3. Walipokutana tena Budapest mwezi Mei 1954, Hungaria ilishinda 7-1.

Kilichowashinda Waingereza siku hiyo hakikuwa tarakimu. Wachezaji wa Hungaria walikuwa 11 kama wao, na kwenye karatasi mfumo wao haukuwa mbali sana na WM. Tofauti ilikuwa katika jukumu, yaani kazi ambayo mchezaji amepewa aifanye kutoka mahali alipopangwa. Wawili waweza kusimama mahali pamoja wakafanya kazi tofauti kabisa, na kocha anayeijua nafasi bila kulijua jukumu hutega mtego mahali ambapo hakuna anayepita. Zaidi ya miaka 50 baadaye, tarehe 2 Mei 2009, Pep Guardiola alimtoa Lionel Messi pembeni akamweka katikati ya safu ya mbele ya Barcelona, kisha akamwagiza arudi nyuma kama alivyofanya Hidegkuti. Mabeki wa kati wa Real Madrid hawakujua wamfuate au wamwache, na Barcelona ikashinda 6-2 katika uwanja wa wapinzani wake.

Brazil ilipiga hatua iliyofuata kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1958 nchini Sweden. Iliweka mabeki wanne waliokaba maeneo badala ya kumfuata mtu, viungo wawili na washambuliaji wanne, na winga wa kushoto, Mário Zagallo, akawa anarudi kusaidia katikati kila mpira ulipopotea. Timu inayosifiwa hadi leo kwa ushambuliaji wake haikufungwa bao hata moja mpaka nusu fainali, jambo ambalo husahaulika mara kwa mara. Tangu hapo mabeki wanne wamekuwa msingi wa mifumo mingi, na ubishi ukahamia mbele yao, kwenye eneo la kiungo mkabaji.

Kiungo mkabaji, ambaye vijiwe vya Tanzania humwita namba sita, ndiye mchezaji anayeeleweka vibaya kuliko wote. Hukaa mbele ya mabeki wa kati na nyuma ya viungo wenzake, katika eneo ambalo mshambuliaji wa timu pinzani angependa sana kupokea mpira kwa sababu kutoka hapo goli linaonekana. Kazi yake kubwa si kuwaangusha watu, ingawa mara nyingine hulazimika. Ni kuziba njia za pasi kabla hazijapigwa, kumfunika beki wa pembeni aliyepanda kushambulia, na kumpa beki wa kati mahali salama pa kupeleka mpira anaposhinikizwa. Akiifanya vizuri huwa haonekani, kwa sababu hatari aliyoizuia haikutokea. Claude Makélélé, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1973 na kuichezea Ufaransa, aliifanya kazi hiyo Real Madrid kwa miaka mitatu ambamo klabu ilitwaa ubingwa wa Hispania mara mbili na ule wa Ulaya mara moja. Mwaka 2003 aliachwa aende Chelsea, na Real, iliyokuwa ikisajili nyota wa mbele mmoja baada ya mwingine, haikutwaa tena ubingwa wa Hispania hadi mwaka 2007. Sababu za kuporomoka kwa timu huwa nyingi, lakini ni vigumu kulipuuza pengo la mtu mmoja aliyekuwa akiwawezesha wengine watano kushambulia bila wasiwasi. Huko Chelsea, akiwa nguzo ya kiungo katika mfumo wa 4-3-3 wa José Mourinho, timu iliruhusu mabao 15 tu katika mechi 38 za msimu wa 2004-05 na kupata ubingwa wake wa kwanza wa ligi baada ya miaka 50. Mkenya Victor Wanyama alijijengea jina Celtic, Southampton na Tottenham kwa kazi hiyohiyo. Kichwa alichopiga kutoka kwenye kona dhidi ya Barcelona mwezi Novemba 2012 ndicho kinachokumbukwa, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukata pasi ambazo hakuna aliyezihesabu.

Majukumu mengine nayo yamebadilika, mara nyingi kwa sababu ya sheria. Golikipa aliacha kuwa mdakaji tu tangu mwaka 1992, alipokatazwa kuudaka kwa mikono mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi, na tangu mwaka 2019, mabeki waliporuhusiwa kupokea mkwaju wa goli wakiwa ndani ya eneo la penalti, amekuwa mpiga pasi wa kwanza wa timu. Beki wa pembeni, ambaye zamani mara nyingi alikatazwa na kocha wake kuvuka nusu ya uwanja, sasa ndiye anayetoa upana wakati winga anapoingia ndani kutafuta goli. Uhuru huo una bei: beki huyo anapopanda, kona ya nyuma yake hubaki tupu, na timu nyingi hupanga mashambulizi yao ya kushtukiza kwa kuilenga kona hiyo tu.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika ni Morocco ya mwaka 2022. Kocha Walid Regragui, aliyekabidhiwa timu miezi michache tu kabla ya mashindano, alipanga 4-3-3 ambayo bila mpira iligeuka 4-1-4-1: mabeki wanne, Sofyan Amrabat peke yake mbele yao, viungo na mawinga wanne katika mstari mmoja, na Youssef En-Nesyri mbele. Katika mechi ya 16 bora Hispania ilipiga zaidi ya pasi 1,000, lakini nyingi zilipita mbele ya mstari wa watu wanne au kuuzunguka, kwa sababu eneo la katikati, ambalo Hispania iliishi kwa kulitumia, lilikuwa limefungwa. Morocco iliacha pembeni wazi, ikijua kwamba Hispania haikuwa na mshambuliaji wa kutisha kwa krosi za juu. Mechi iliisha bila bao katika dakika 120, na Morocco ikashinda 3-0 kwa penalti. Siku nne baadaye iliifunga Ureno 1-0 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na hadi wakati huo ilikuwa imefungwa bao moja tu, nalo la kujifunga.

Katika nusu fainali hiyo dhidi ya Ufaransa, huku mabeki wake wakiwa na majeraha, Regragui alibadili mpango akaanza na mabeki wa kati watatu, hivyo bila mpira timu ikawa na watu watano nyuma. Kwa hesabu ya haraka ulinzi ulikuwa umeongezewa mtu. Katika dakika ya tano Raphaël Varane alipenyeza pasi kwa Antoine Griezmann, beki Jawad El Yamiq akatoka kwenye nafasi yake kuiwahi akaikosa, na mpira uliofuata ukaishia kwa Theo Hernández aliyefunga. Dakika ya 21 nahodha Romain Saïss alishindwa kuendelea, akaingia kiungo Selim Amallah, na Morocco ikarudi kwenye mabeki wanne. Tangu hapo ilimiliki mpira na kuibana Ufaransa kwa muda mrefu, ingawa ilifungwa bao la pili mwishoni. Idadi ya mabeki si kipimo cha usalama. Mfumo waliouzoea, wenye mtu mmoja pungufu nyuma, uliwafaa zaidi kwa sababu kila mmoja alijua nani atamfunika akiondoka.

Kwa mamilioni ya wasikilizaji wa Kiswahili mwalimu wa kwanza wa soka ni mtangazaji wa redio, naye kwa desturi humfuata mtu mwenye mpira, akawaacha wengine 21 gizani. Watangazaji na wachambuzi wangewafaa sana wasikilizaji iwapo, mara moja katika kila dakika chache, wangeeleza namba sita amesimama wapi wakati timu yake inashambulia, beki gani amepanda na nani amebaki kumfunika, na mabeki wamesogea mbele kiasi gani. Makocha wa shule na wa timu za mitaani nao wamjaribu kila kijana katika nafasi zaidi ya moja kabla ya kumfunga kwenye namba, na wanapochagua mchezaji bora wa mechi wasiishie kwa mfungaji tu.